Malipo kwa Anayeuguza: Haki Inayokomea Kwenye Mkataba wa Kazi

Katika orodha ya mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, WCF, lipo fao moja ambalo halizungumzwi sana: malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouzaa mfuko huo ulioanza kazi Julai 2015, inakubali kwamba mfanyakazi anaweza kuumia kazini kiasi cha kushindwa kula, kuoga na kuvaa bila mtu wa kumsaidia muda wote. Akifikia hali hiyo, matibabu yake yanalipwa, ulemavu wake unafidiwa, na juu ya hayo zinatolewa fedha kwa ajili ya huyo anayemsaidia. Walioandika sheria hii hawakusema kwamba mke atafanya bure kwa kuwa ni mke, au kwamba mama atafanya bure kwa kuwa ni mama. Walitambua kuwa kumhudumia mtu asiyejiweza ni kazi, na kwamba anayeifanya anaacha kazi nyingine. Mjadala wetu kuhusu ndugu wanaouguza nyumbani bila malipo huanzia mahali pasipofaa, yaani kuuliza kama nchi maskini inaweza kuiga Ulaya. Kanuni tunayo tayari, imo katika sheria yetu wenyewe na inatekelezwa. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini imekomea kwa wenye mikataba ya ajira, hasa katika ukanda ambao watu wengi huumia wakiwa hawana mkataba wowote.

Itazame Kagongwa. Ni kata ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga, kwenye barabara kuu itokayo Isaka kwenda mjini Kahama, na sifa yake kubwa ni mashine za kukoboa mpunga na biashara ya mchele. Kinachowaweka watu mjini hapo ni kibarua cha siku: kubeba magunia, kupakia malori, kupeta na kuchambua mchele, kupika chakula cha madereva, kuendesha bodaboda. Vijana wengi huchanganya kibarua hicho na safari za machimboni, kwa kuwa dhahabu imewazunguka pande nyingi. Upande mmoja upo mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu. Jirani na mji wa Kahama palikuwa na mgodi wa Buzwagi hadi ulipofikia mwisho wa uchimbaji mwaka 2021. Ukienda Geita unakuta migodi mikubwa na mamia ya maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Mtu akivunjika mgongo ndani ya Bulyanhulu akiwa mwajiriwa, WCF inamhusu, na anayemhudumia anahusika. Mtu akivunjika mgongo huohuo ndani ya duara la mchimbaji mdogo, kilomita chache kutoka hapo, hakuna anayemhusu isipokuwa watu wa nyumbani kwake. Jeraha ni moja na kitanda ni kilekile cha kamba. Tofauti iko kwenye karatasi.

Karatasi hiyo inakosekana kwa sababu inayoeleweka. WCF inaishi kwa michango ya waajiri, asilimia 0.5 ya mishahara wanayolipa. Duarani hakuna mishahara. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara aliyegharamia kamba, pampu na nguzo za miti ana fungu lake, na wachimbaji wanaoshuka chini hugawana viroba vya mawe ambavyo huenda vikatoa dhahabu au visitoe kitu baada ya kupita kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Nani hapo ni mwajiri? Kila mmoja atasema ni mshirika. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji sita walifukiwa chini ya ardhi. Mmoja alifia humo, na watano walitolewa wakiwa hai Novemba, baada ya siku 41. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini uokoaji ni jambo la siku moja, na mfumo wetu unajua kuitikia siku hiyo: wakuu hufika, magari hufika, waandishi hufika. Anayetolewa akiwa na uti wa mgongo uliokatika huanza safari ya miaka, na safari hiyo ni ya mke wake, dada yake au mama yake. Mfumo huo haujui kumfikia mtu wa miaka.

Kazi yenyewe ni hii. Aliyepooza kuanzia kiunoni anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huanza kufa kwa vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo vikiingia uchafu vinaweza kumuua mtu aliyenusurika na jiwe. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Mpira wa mkojo unahitaji kusafishwa na kubadilishwa kwa wakati wake. Haja kubwa nayo ina ratiba. Shuka zinafuliwa kila siku, na kwa hiyo maji yanahitajika mengi kuliko ya kaya ya kawaida; mradi uliofikisha maji ya Ziwa Victoria Kagongwa na Isaka umewapunguzia wanaouguza mzigo kuliko hotuba zozote kuhusu ustawi wao. Kisha kuna kumnyanyua: mwanamke wa kilo 55 anamnyanyua mwanamume wa kilo 75 peke yake, kila siku, na baada ya miaka miwili mgongo unaouma ni wake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo analishwa taratibu, kijiko kwa kijiko, ili asipaliwe. Mzee aliyepata kiharusi anahitaji kunyooshwa viungo. Mgonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, ugonjwa unaojulikana sana machimboni na unaoandamana na kifua kikuu, anahitaji mtu wa kuhakikisha dawa za miezi sita hazikatiki. Hospitalini kazi hizi hufanywa na watu wenye vyeti kwa zamu. Nyumbani hufanywa na mtu mmoja asiye na zamu, na mtu huyo hawezi kwenda kupeta mchele.

Je, mtu huyo anaweza kudai nini serikalini leo? Kwa jina lake kama anayeuguza, hakuna. Kinachotajwa kwanza mitaani ni TASAF, na ni kweli kwamba mpango wa kunusuru kaya maskini umefanya kazi kubwa tangu ulipoanza kuenea nchini mwaka 2013. Lakini mpango huo ulijengwa juu ya maswali mengine. Unauliza kaya ni maskini kiasi gani, ina watoto wangapi, wanakwenda shule na kliniki au la. Katika awamu ya kwanza, ruzuku ya juu kabisa kwa kaya ilikuwa shilingi 38,000 kwa mwezi, na sehemu kubwa ya kiasi hicho ilitegemea watoto kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Fikiria kaya ambayo binti wa darasa la sita ndiye anayebaki na bibi asiyejiweza ili mama aende kibaruani. Binti anapokosa shule, kaya inakatwa. Yaani mzigo wa kuuguza, badala ya kuongezewa ruzuku, unageuka sababu ya kupunguziwa. Sehemu ya ajira za muda nayo, ambapo walengwa huchimba malambo, hutengeneza barabara na kupanda miti kwa ujira ulioanza na shilingi 2,300 kwa siku, inamtaka mtu mzima mwenye nguvu aondoke nyumbani. Anayemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ana nguvu, lakini haondoki.

Lipo tatizo jingine la TASAF ambalo kwa anayeuguza ni kubwa kuliko kiasi cha fedha. Kuingia katika mpango hakutokani na kuomba. Kunatokana na zoezi la utambuzi: mkutano wa mtaa au kijiji unaitwa, majina yanatajwa, dodoso linajazwa, kompyuta inachuja. Zoezi likipita limepita, hadi litakaporudi. Umaskini wa kurithi unaweza kusubiri utaratibu huo kwa sababu haubadiliki haraka. Kuuguza huanza siku moja, saa moja, bodaboda inapogongwa au duara linapotitia. Kaya ambayo mwezi uliopita ilikuwa na mwanamume mwenye kipato na nyumba ya bati haikuwa maskini kwa kipimo cha dodoso. Mwezi huu imepoteza vipato viwili kwa mpigo, cha aliyeumia na cha anayemhudumia, na bati bado lipo juu. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao asilimia 2 zake ni za watu wenye ulemavu, ni mkopo. Unarejeshwa kwa biashara, na biashara inahitaji mikono iliyo huru. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 vinalenga hospitali. Mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani, hesabu ya serikali inafungwa. Hesabu ya familia ndiyo kwanza inafunguliwa.

Hata aliyeajiriwa rasmi hajakingwa vizuri akiwa upande wa kuuguza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua. Mama yake mzazi akiugua, sheria hiyo haimpi siku hizo; inampa mama akifariki. Sidhani kama yeyote aliyeipitisha alikusudia kusema kwamba mzazi ana haki ya kuzikwa na mwanawe lakini hana haki ya kuuguzwa naye, ila ndivyo kifungu kinavyosomeka. Katiba nayo, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni maneno mazito, lakini ibara ya 7 inazuia mahakama kuhoji utekelezaji wa sehemu hiyo ya Katiba. Matokeo yake, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya kuwatunza wazee, ikaiachia kazi hiyo bila kuipa nyenzo. Familia imekuwa idara ya serikali isiyo na bajeti.

Hoja yangu basi ni kwamba malipo ya anayeuguza yafuate uzito wa kuuguza, yasifuate mkataba wa aliyeumia. Kipimo kilichomo katika sheria ya fidia kinatosha: je, mtu huyu anahitaji msaada wa mwenzake muda wote ili atimize mambo ya lazima ya maisha? Jibu likiwa ndiyo, haijalishi alivunjika akiwa mgodini, akiwa shambani, kwa kiharusi, au alizaliwa hivyo. Mtetezi wa WCF atasema, kwa haki, kwamba bima ni bima: anayechangiwa ndiye anayefidiwa, na huwezi kuchukua michango ya mwajiri wa Bulyanhulu ukamlipia mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, ambaye hakuchangiwa hata senti. Nakubali. Mfuko huo usiguswe. Lakini tusijidanganye kwamba mchimbaji mdogo hachangii chochote. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 na masoko mengine kufuata, Kahama ikiwamo, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa mbele ya serikali na kukatwa, kwa viwango vya kawaida, mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3. Pale penye dirisha la soko ndipo serikali inapomwona vizuri mtu ambaye kwenye orodha ya mishahara haonekani. Inamwona wakati wa kuchukua. Inaweza kumwona pia wakati wa kutoa.

Sipendekezi tozo mpya. Mwaka huohuo wa 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa sababu makato makubwa yalikuwa yakiisukuma dhahabu kwenye njia za magendo. Kurudisha makato kwa jina la huruma kungezaa magendo yaleyale. Kinachowezekana ni kutenga sehemu ndogo ya mrabaha ambao tayari unakatwa, tuseme sawa na ile nusu asilimia ambayo mwajiri hutoa WCF, iwe ya wanaouguza watu walioumia machimboni. Migodi mikubwa nayo, ambayo Sheria ya Madini tangu marekebisho ya 2017 inaitaka iandae mpango wa kila mwaka wa wajibu kwa jamii kwa kukubaliana na halmashauri, imezoea kujenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo. Madarasa yanahitajika. Lakini jengo hufunguliwa kwa kukata utepe, na malipo ya kila mwezi kwa mwanamke aliye ndani ya nyumba hayana utepe. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutowahi kuyaweka kwenye mpango.

Pingamizi zito zaidi halihusu fedha. Ni la wanaosema kwamba kuuguza ni wajibu wa undugu, na kwamba serikali ikianza kulipia, undugu utaharibika: mtoto hatamwogesha mama yake mpaka aone meseji ya malipo kwenye simu. Pingamizi hili halistahili kubezwa, kwa sababu limetoka mahali pazuri. Ila lina historia, na historia yake inafundisha. Uingereza ilipoanzisha malipo ya anayemhudumia mlemavu mwaka 1976, iliwanyima wanawake walioolewa, kwa hoja kwamba hao wangekuwa nyumbani hata hivyo. Hoja hiyo ilidumu miaka 10. Jacqueline Drake, mwanamke aliyeolewa, aliacha kazi yake mwaka 1984 ili amhudumie mama yake aliyekuwa na ulemavu mkubwa, akanyimwa malipo, akashitaki, na Juni 1986 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa kumnyima kwa sababu ya ndoa ni ubaguzi. Tunapomwambia mkamwana wa Kagongwa kwamba kumhudumia baba mkwe ni wajibu wake, tunarudia neno kwa neno sababu iliyoshindwa mahakamani miaka hiyo. Na huo wajibu haugawanywi sawa hata ndani ya ukoo mmoja. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya kazi zote za matunzo zisizolipwa ulimwenguni. Mjomba aliye Mwanza hutuma fedha akipata, kaka hupita jioni kujulia hali, na mwanamke mmoja hukesha. Kumlipa huyo mmoja hakumwondolei mwingine undugu wake.

Kuhusu fedha kuharibu mapenzi, ushahidi ulio karibu nasi unasema vingine. Katika Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao bibi waliokuwa wakilea wajukuu walioachwa na wazazi waliokufa kwa UKIMWI, pensheni ndogo ya kila mwezi pamoja na nyongeza kwa kila mtoto. Hawa walikuwa walezi wasiolipwa kwa maana kamili ya neno hilo, na wapo ng'ambo ya mkoa wa Geita tu. Tathmini iliyochapishwa 2008 iliwalinganisha waliokuwa wakipokea na wenzao wasiopokea. Fedha zilionekana kwenye chakula, kwenye sabuni, kwenye chumvi na viatu vya shule. Bibi hakuacha kumpenda mjukuu kwa sababu amepata sabuni ya kumwogeshea. Kilichoharibu undugu katika miaka hiyo ya msiba kilikuwa uchovu na ufukara, watoto kugawanywa kwa ndugu kama mizigo kwa sababu hakuna aliyeweza kubeba wote.

Na pale familia inapochoka kabisa, serikali hulipa tu, ila kwa njia ghali na yenye maumivu zaidi. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa baada ya 2007, watoto wengi walitolewa makwao na kupelekwa kwenye vituo, na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kikafurika. Hatari ilikuwa ya kweli na kuwalinda kulikuwa lazima. Lakini wapo waliobaki huko miaka mingi kwa sababu nyumbani hapakuwa na yeyote aliyewezeshwa kuwalinda: kumsindikiza mtoto shuleni na kumrudisha, kumtafutia kofia na mafuta, kutomwacha peke yake kunapoingia giza. Hiyo nayo ni kazi ya kutwa. Mzazi angeweza kuifanya kama angekuwa na njia ya kuacha kibarua.

Gharama, basi. Tufanye hesabu ya mfano, nikichukua tarakimu ya duara kwa ajili ya kuonyesha ukubwa wa jambo. Tukisema nchi nzima ianze na watu 100,000 wanaowahudumia wasiojiweza kabisa, kila mmoja shilingi 30,000 kwa mwezi, mwaka unagharimu shilingi bilioni 36. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Hiyo ni chini ya shilingi moja katika kila shilingi 1,000. Mtu atasema 30,000 ni kidogo mno, haifidii kibarua kilichoachwa. Ni kweli haifidii. Lakini kwa kiasi hicho cha mwezi mmoja kaya ya watu sita imekuwa ikilipia mwaka mzima wa bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, bila kuuliza alikuwa mwajiriwa wa nani, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Walioidharau ile 20,000 hawakuona kuwa jambo kubwa lilikuwa kuuweka mlango. Kiwango hupanda baadaye, mlango ukishakuwepo.

Nchi nyingine zimetupa pia mifano ya kuiga na makosa ya kuepuka. Kenya, ndani ya Inua Jamii, ina ruzuku ya watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa muda wote, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hupokelewa kupitia mlezi, jambo jema, ila anazipokea kwa niaba ya kaya. Kazi yake mwenyewe haijatajwa. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2004, humwongezea fedha mtu anayepokea pensheni ya uzee au ulemavu ikiwa anahitaji mtu wa kumhudumia muda wote, na kwa watoto wenye ulemavu mkubwa ina ruzuku inayokwenda kwa mzazi au mlezi. Ruzuku hii ya pili ndiyo iliyo karibu na ninachokitetea. Na Uingereza, ambayo sheria yake ina umri wa karibu nusu karne, imeonyesha namna ya kuharibu kitu kizuri: inamtaka mlezi ahudumie saa 35 kwa wiki na inamwekea kikomo cha kipato ambacho akikivuka kwa pauni moja anapoteza malipo yote ya wiki hiyo. Maelfu ya walezi walidaiwa kurudisha fedha za miaka, na kelele zilipokuwa kubwa mwaka 2024 serikali ikaunda tume huru ya kuchunguza. Kikomo cha namna hiyo Kagongwa kingekuwa balaa. Kibarua cha mchele kina msimu. Mwanamke akipata jirani wa kumshikia mgonjwa kwa siku tatu wakati wa mavuno, aende, apate chake, na arudi akute malipo yake yapo.

Hapo ndipo pia ninapowajibu wanaohofia kwamba malipo haya yatawafunga wanawake jikoni. Hofu hiyo ina msingi ikiwa malipo yataandikwa kana kwamba anayeuguza ni lazima awe mwanamke na lazima asiwe na kazi nyingine. Yakiandikwa kwa jina la yeyote anayeifanya kazi, mwanamume akiwamo, na yakiambatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kumfundisha namna ya kunyanyua na kumpumzisha hata asubuhi moja kwa wiki, yatalegeza kamba. Leo kamba imekazwa kwa kiwango cha mwisho. Sijui ingekazwa vipi zaidi.

Walaghai watakuwepo. TASAF yenyewe ilikumbana na kaya hewa na ikalazimika kuzisafisha. Lakini mgonjwa asiyejiweza ni vigumu kumbuni kuliko umaskini: yupo kitandani, ana cheti cha hospitali, mtaa mzima unamjua. Daktari wa hospitali ya manispaa athibitishe hali, mwenyekiti wa mtaa athibitishe nani anakesha, afisa ustawi wa jamii apite nyumbani mara moja ndani ya siku 30 tangu ombi lipokelewe, na ombi lipokelewe siku yoyote ya kazi katika ofisi ya kata, bila kusubiri zoezi la utambuzi. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa. Kwa kitambulisho cha NIDA na laini ya simu, malipo yaende kwa jina la anayeuguza mwenyewe, yasipitie kwa mkuu wa kaya. Penye ndoa za mitala au ugomvi wa ukoo jambo hili ndilo litakaloamua kama fedha zitamfikia au la.

Kisha kuna siku mgonjwa anapofariki. Uingereza huendelea kumlipa mlezi kwa wiki 8 baada ya kifo, na kwa sehemu hii inafaa kuigwa na hata kuzidishwa. Mwanamke aliyeuguza miaka mitano hana mtaji, nafasi yake kwenye mashine za mpunga imechukuliwa, shamba limekodishwa ili kulipia dawa, na mara nyingi shemeji wameanza kuuliza ataondoka lini. Kwetu malipo yaendelee miezi sita, yaani hadi msimu mmoja wa kilimo uwe umemkuta akiwa na jembe na mbegu.